Sauti ya shosho, vifaranga wa mama na kisanduku nyuma ya kochi

Haya jamani, nimenyamaza muda mrefu sana. Rafiki mmoja aliniuliza kama nimeacha kompyuta nikaingilia ufugaji, nikacheka, kwa sababu mtaona huko chini jinsi vifaranga walivyoingia katika habari hii. Nilikuwa nimeahidi kuandika jinsi ya kuendesha huduma zako mwenyewe nyumbani kwa kutumia Linux na makontena. Nitaandika, lakini nitaandika pia ile sehemu ambayo sisi watu wa kompyuta hupenda kuificha, yaani usiku niliofuta kila kitu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa wasionijua: naishi Ruiru, upande wa Kihunguro, ghorofa ya tatu. Kazi yangu ni kuandika programu. Mama anaishi Thika, Makongeni, na kati yetu kuna kama kilomita 20 za barabara kuu, na Juja katikati, mahali niliposomea sayansi ya kompyuta. Kwa hivyo maisha yangu yote ya utu uzima yamepita juu ya lami hiyo hiyo moja.

Linux niliijua chuoni mwaka 2017, na nisiwadanganye, haikuwa kwa ajili ya falsafa ya uhuru. Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, yenye RAM ya giga 2, na Windows ilikuwa inamaliza kufunguka chai ikiwa imeshapoa. Mwenzangu wa chumbani akanipa flashi yenye Lubuntu. Nusu saa baadaye nilikuwa na kompyuta mpya bila kununua chochote. Falsafa ilikuja baadaye, niliposoma habari za Linus Torvalds wa 1991, na hata za ndugu zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto mdogo nacheza mpira wa karatasi za nailoni, na kuna watu walikuwa wameketi wakibishana "faili" iitweje. Nawaheshimu sana.

Sasa turudi kwa mama. Tarehe 1 Juni 2021 Google iliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo, na tangu siku hiyo kila picha mpya ikawa inahesabiwa ndani ya zile giga 15 za bure. Mama hakusoma tangazo hilo. Alinipigia simu miezi kadhaa baadaye.

"Baba, simu yangu inasema imeshiba."

(Mimi ni mvulana wa pili, nimepewa jina la baba yake, kwa hivyo huniita baba. Ukisikia mama wa Kikuyu anamwita mwanawe hivyo usishangae.)

Ningeweza kumlipia nafasi zaidi, na kwa watu wengi hilo ndilo jibu la busara, nawaambia wazi. Lakini mimi nilikuwa natafuta kisingizio. Mwaka 2022 nikapanda gari nikashuka mjini Nairobi, nikatembea Luthuli, nikanunua kompyuta ndogo ya ofisi, ex-UK, ya ukubwa wa kitabu kikubwa cha Biblia. Nikaitia Debian. Ikiwa imetulia hula kama wati 12. Piga hesabu: wati 12 kwa saa 24 kwa siku 30 ni chini ya uniti 9 za stima kwa mwezi. Kwa bei ninayolipa mimi haifiki shilingi 300. Balbu za zamani zilikuwa zinakula zaidi.

Makontena sasa. Watu huniuliza kontena ni nini, nami huwajibu kwa mfano wa ploti za hapa Ruiru, kwa sababu mji huu ni ploti tupu.

Fikiria mtu ana kipande cha ardhi. Njia ya kwanza ni kujenga nyumba za kujitegemea kama zile za Membley, kila moja na ukuta wake, tangi lake, na msingi wake. Hiyo ndiyo mashine pepe: kila programu inabeba mfumo mzima wa uendeshaji peke yake. Ni salama, lakini inakula ardhi. Njia ya pili ni kujenga ghorofa ya vyumba. Msingi ni mmoja, tangi juu ya paa ni moja, keyateka ni mmoja, lakini kila mpangaji ana mlango wake na mita yake ya tokeni, na akifunga mlango anajiona yuko peke yake duniani. Hilo ndilo kontena. Msingi na tangi ni kiini cha Linux, ile sehemu ya mfumo inayozungumza na vyuma vyenyewe. Kuta zinaitwa namespaces: zinamfanya mpangaji asione shughuli za jirani, wala mafaili yake, wala mtandao wake. Mita zinaitwa cgroups: zinahesabu na kuwekea kikomo RAM na nguvu ya prosesa. Hizi za pili zilianzwa na wahandisi wa Google mwaka 2006, zikaingia ndani ya kiini cha Linux toleo la 2.6.24 mnamo Januari 2008. Kwa hivyo Docker haikuvumbua kuta wala mita. Solomon Hykes alipoionyesha mara ya kwanza mbele ya watu, Machi 2013 katika mkutano wa PyCon kule Santa Clara, Marekani, alikuwa na dakika tano tu. Alichokileta ni namna rahisi ya kupangisha: andika faili moja fupi, na mpangaji anahamia na vyombo vyake vyote.

Na sasa sikilizeni sehemu hii vizuri, maana ndiyo itakayoniua huko mbele. Kontena halina kumbukumbu. Ukiliondoa, kila kilichoandikwa ndani yake kinaenda nalo, kama chumba kinachopakwa rangi upya mpangaji akihama. Ukitaka vitu vyako vibaki lazima uviweke nje, katika stoo ya chini, ambayo kwa lugha ya Docker inaitwa volume. Mpangaji anaweza kufukuzwa na kurudi mara mia, stoo ipo.

Basi nikaanza kupangisha. Pi-hole ya kuzuia matangazo. Jellyfin ya filamu. Nextcloud ya mafaili na kalenda. Vaultwarden ya nywila. Baadaye Immich ya picha, na hapo ndipo simu ya mama ikaacha kushiba. Nikaongeza Kiwix, ambayo inakuwezesha kuweka Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye diski na kuisoma bila intaneti, na watoto wa jirani wakapewa waifai yangu kwa ajili hiyo tu (walijua mapema kuliko nilivyotarajia kuwa Jellyfin nayo iko hapo).

Kuna wanaosema huu ni mchezo wa vijana wasio na la kufanya. Labda. Lakini nenda kwenye vituo vingi vya afya vya umma hapa nchini, utakuta rekodi za wagonjwa zinatunzwa kwa KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kufanya kazi Eldoret mwaka 2006. Mahali pengi seva yenyewe imekaa hapo hapo kituoni, kwa sababu mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri mtandao urudi.

Sasa mtandao. Ukiweka seva nyumbani utagundua haraka kwamba ukiwa nje huifikii. Angalia anwani ambayo ruta yako imepewa na kampuni yako ya intaneti. Ikiwa inaanza na 100, na namba ya pili iko kati ya 64 na 127, pole, huna anwani yako mwenyewe, unatumia moja na majirani wengi. Anwani hizo zilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, kwa sababu anwani za aina ya zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Hata Afrika, tuliochelewa kuzitumia, shirika letu la AFRINIC liliingia awamu ya mwisho ya kugawa kwa kipimo Januari 2020.

Mnakumbuka sanduku la posta la shule? Nyumbani hatukuwa na sanduku letu, kwa hivyo barua zote zilikuja kwa sanduku la shule ya msingi na mwalimu mkuu alizigawa gwaride la asubuhi. Ukiandika wewe kwanza, jibu litakufikia, mwalimu anajua unasubiri. Lakini mgeni asiyejulikana akitaka kukufikia moja kwa moja, haiwezekani. Ndivyo ilivyo. Dawa niliyotumia mimi ni kukodi seva ndogo Ujerumani yenye anwani yake halisi, kisha nyumbani nikaiambia Linux ianze kuongea nayo kwa WireGuard, ambayo tangu toleo la 5.6 la Machi 2020 imo ndani ya kiini chenyewe.

Desemba 2023 tulikuwa Gatanga kwa shosho, mama yake mama. Alikuwa na miaka zaidi ya 80, na baada ya chakula alianza kusimulia jinsi walivyohamishwa mwaka 1954 wakati wa hali ya hatari, kila familia ikaambiwa ibomoe nyumba yake ikajenge nyingine ndani ya kijiji kilichozungushiwa mtaro. Alikuwa msichana. Alisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Nikatoa simu nikairekodi kimya kimya, halafu nikaona aibu nikamwomba ruhusa. Akasema, "Rekodi, lakini usinikate nikizungumza."

Tangu siku hiyo kila nikienda nilirekodi. Kufikia katikati ya mwaka 2024 zilikuwa rekodi 17, nyingine za saa nzima. Simu yangu ilizipandisha Nextcloud yenyewe, kisha nikazifuta kwenye simu, kwa sababu simu yangu nayo ilikuwa inashiba.

Nilijua kuwa seva moja si hifadhi. Nina akili kiasi hicho. Januari 2024 nikanunua kisanduku cha pili, nikakipeleka Makongeni, nikakiweka nyuma ya kochi la mama. Kila usiku saa nane, restic ilifunga mafaili mapya kwa siri na kuyatuma kutoka Ruiru kwenda Thika. Mwizi akiingia Kihunguro, Thika ipo. Thika ikiungua, Ruiru ipo. Nilijivunia sana mpango huo.

Ila kuna jambo la kuchekesha, na nilitaka nilicheke mapema kabla hamjanicheka. Nyumba zote mbili hazikuwa na anwani halisi. Kwa hivyo sauti ya shosho, kutoka Ruiru hadi Thika, kilomita 20, ilikuwa inapita chini ya bahari hadi Ujerumani na kurudi. Wazee wa intaneti ya Kenya watakumbuka ugonjwa huu. Mwishoni mwa miaka ya tisini barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi ilizunguka ng'ambo kwanza. Novemba 2000 kampuni hizo zikaunganisha nyaya zao mahali pamoja na kupaita KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa wakati huo, ikalalamika, na tume ya mawasiliano ikaifunga baada ya kama wiki mbili. Ilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya watu kueleza na kueleza kwamba data ya ndani haina haja ya pasipoti. Nami, zaidi ya miaka 20 baadaye, nikairudishia pasipoti kwa hiari yangu.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika pwani ya Afrika Kusini. Afrika Mashariki yote ilihisi. Jambo zuri lilikuwa kwamba ndani ya nyumba yangu kila kitu kiliendelea: picha, filamu, Wikipedia ya watoto. Jirani aligonga mlango akauliza kwa nini yeye hana intaneti na mwanawe anasoma habari za volkano. Nilivimba kichwa siku ile. Jambo baya ni kwamba nakala za usiku kwenda Thika zilianza kukatika njiani, na kila zikikatika nilipata ujumbe kwenye simu. Usiku wa kwanza ujumbe mmoja. Usiku wa tatu ujumbe tisa. Usiku wa nne nikauzima ule mlio. Nilisema nitauwasha kebo zikitengenezwa.

Kebo zilitengenezwa. Nakala zikaanza kupita zenyewe. Mlio sikuuwasha.

Julai ni baridi huku kwetu, mnajua. Mama alipokea vifaranga 100 wa siku moja, na vifaranga wa siku moja wakikosa joto usiku hawaoni asubuhi. Alihitaji tundu la stima la taa yao. Lililokuwa karibu ni lile la nyuma ya kochi. Kulikuwa na waya mmoja mweusi umechomekwa hapo, wa kitu kisichotoa sauti wala picha.

Mimi nilikwenda kwake mara nne baada ya hapo. Nilikaa kwenye kochi lile lile, nikanywa chai, nikawasifu vifaranga. Hata mara moja sikuinama.

Shosho alifariki mwishoni mwa Agosti. Sitaandika mengi juu ya hilo.

Oktoba 2024 binamu zangu waliomba zile rekodi, maana shangazi zetu walitaka kuziandika kwenye daftari. Nikasema nitawapa viungo vya Nextcloud, lakini kwanza niisasishe, ilikuwa imezeeka. Ilikuwa kama saa tano usiku, nimetoka kazini nimechoka. Nilikuwa na toleo la 27, nikaruka moja kwa moja hadi la 29. Wanaoitumia wanajua: Nextcloud haikubali kurukwa toleo kubwa, lazima upande ngazi moja moja. Kontena likakataa kuwaka. Nikaamua kuliondoa nianze upya kwa toleo la 28. Stoo si ipo?

Kazini, ninapojaribu programu, kuna amri ninayoandika labda mara 20 kwa siku ili kusafisha hifadhidata ya majaribio. Vidole vyangu vinaijua kuliko ninavyoijua mimi.

docker compose down -v

Hiyo herufi ya mwisho ndiyo habari yenyewe. Bila hiyo, keyateka anamtoa mpangaji. Ukiiongeza, anachoma na stoo. Haiulizi mara mbili. Ilichukua sekunde kama nne, ikaniandikia kwa utaratibu kabisa kwamba imeondoa hiki, imeondoa kile. Nilisoma jina la stoo ya Nextcloud kwenye orodha nikiwa bado nimeshika kikombe.

Sikupata hofu mara moja, kwa sababu nilikuwa na Thika. Nikaandika amri ya kuuliza Thika ina nakala za lini. Haikujibu. Nikajaribu tena. Nikapiga simu kwa mama saa sita kasoro usiku, jambo ambalo kwa mzazi mjane si la kufanya kabisa, alipokea akidhani kuna msiba mwingine.

"Mama, samahani, kile kisanduku nyuma ya kochi kinawaka taa?"

"Kipi? Kile cheusi? Hicho nilikitoa wakati wa vifaranga."

"Vifaranga gani, mama?"

"Baba, vifaranga ni wangapi? Hawa ambao sasa ni kuku."

Nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia akichomeke. Akauliza achomoe nini. Nikamwambia chochote. Akachomoa chaja ya simu yake, na simu yake ikazimika katikati ya mazungumzo kwa sababu betri ilikuwa imekwisha, na nikabaki nimetazama skrini kwa dakika ambazo sikuzihesabu. Kisha Thika ikajibu. Nakala ya mwisho: Jumapili, 14 Julai 2024.

Rekodi 17 zilikuwepo. Lakini baada ya tarehe hiyo nilikuwa nimerekodi mara mbili zaidi, tarehe 21 Julai na tarehe 4 Agosti. Diski ya Ruiru niliichomoa usiku ule ule isiandikwe kitu kingine, nikaipitisha PhotoRec siku mbili. Ilirudisha vipande vya picha na nyimbo zisizofunguka. Ile ya tarehe 21 tuliipata: dada yangu alikuwa amemtumia shangazi kwa WhatsApp. Ya tarehe 4 Agosti sikuipata. Ndani yake shosho alikuwa anataja majina ya wasichana aliokuwa anachuma nao kahawa, mmoja mmoja, na nani aliolewa wapi, na nani hakurudi. Nakumbuka majina matatu. Yalikuwa zaidi ya ishirini.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Thika nikamweleza mama yote, na herufi ile, na mlio niliouzima, na tundu la stima. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo makosa ni ya vifaranga?"

"Hapana, mama. Ni yangu."

"Maana ungeniambia kwamba humo ndani yumo mama yangu, nisingekitoa. Ulisema ni kompyuta."

Ni kweli. Nilikuwa nimesema ni kompyuta.

Haya, mliokuja kwa ajili ya ufundi, niwaambie nilichobadilisha. Sitaki tena stoo zilizofichwa ndani ya Docker. Data yote sasa iko kwenye folda ya kawaida, /srv, niliyoifunganisha na makontena, na hiyo ile amri haiigusi. Kwenye seva ya nyumbani nimeifanya amri yenyewe ikatae ile herufi mpaka niandike neno refu la Kikuyu. Ujumbe wa simu nimeugeuza: hauji nakala zikishindwa, unakuja zikifaulu, kila asubuhi saa moja. Asubuhi isiyo na ujumbe ndiyo ya kushtuka. Kimya hakizimiki kama mlio. Na nywila ya kufungulia nakala nimeiandika kwa kalamu kwenye karatasi, ikawekwa pamoja na hati ya shamba katika sanduku la mama, kwa sababu nikigongwa na bodaboda kesho, ile siri yote ya hesabu itamzuia dada yangu sawasawa na inavyomzuia mwizi.

Njia ya kupitia Ujerumani bado ipo kwa mafaili madogo ya kila siku. Kwa makubwa natumia matatu. Msicheke, pigeni hesabu. Diski ya giga 500 mfukoni, kutoka steji ya Ruiru hadi Thika dakika 40 kama hakuna msongamano. Giga 500 ni gigabiti 4,000, ugawanye kwa sekunde 2,400, unapata gigabiti 1.67 kwa sekunde. Laini yangu ya nyumbani hupandisha megabiti 10. Hakuna kampuni ya intaneti hapa Kihunguro inayoweza kushindana na gari la Thika, na kondakta hajui amebeba nini.

Stima ni habari nyingine. Juni 2016, nikiwa kidato cha nne, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia giza. Tumbili alipona. Agosti 2023 giza la nchi nzima likarudi, safari hii bila tumbili. Kwa hivyo visanduku vyote viwili sasa vina betri ndogo zinazovipa muda wa kuzimika kwa adabu, na cha mama kina tundu lake, lenye mkanda mwekundu ambao yeye mwenyewe aliufunga. Kila Jumapili kabla ya kanisa hunitumia ujumbe wa maneno mawili: "Taa inawaka." Nimewahi kuweka programu tatu tofauti za kufuatilia seva, na hakuna iliyowahi kunitumia ujumbe kwa uaminifu kama huyo mama.

Na mwisho wa kila mwezi nafanya jaribio. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu, kwa hivyo nimeandika skripti inayochagua rekodi moja kwa bahati nasibu, inaitoa Thika, inaifungua, na inaicheza hapa Ruiru kwenye spika. Sichagui mimi. Mwezi uliopita ilikuwa ya Machi 2024, ile ambayo katikati jogoo anawika na shosho anamkaripia kwa jina.

Jumapili hii naenda na diski. Mama ameniambia nikishuka nipitie agrovet, ninunue chakula cha vifaranga mfuko mmoja, maana kundi jipya linafika Jumatatu, na taa yao safari hii iko jikoni.